Kujifunza maneno ya Kijerumani kwa miwani ya VR, hata kwa simu ya kawaida

Hapa Kisumu ninafundisha Kijerumani, na wengi wanaokuja ni wauguzi na vijana wanaotafuta kazi Ujerumani, hasa tangu nchi hizi mbili zitie saini mkataba wa uhamiaji na ajira Septemba 2024. Wanachosahau haraka ni majina ya vitu. Miwani ya VR (uhalisia pepe), inayokuonyesha mahali kana kwamba umo ndani yake, husaidia hapo, kwa sababu neno linapata mahali pa kukaa.

1. Pima simu. Meta Quest, miwani ya VR isiyohitaji simu, ni nzuri lakini ni ghali. Miwani ya kadibodi yenye lenzi mbili, ambamo unaingiza simu, aina iliyoanzishwa na Google mwaka 2014, inatosha mradi simu iwe na gairoskopu, yaani kihisio kinachotambua simu inapogeuzwa. Fungua video ya digrii 360, yaani inayoonyesha pande zote, kwenye YouTube, ishike simu, kisha geuka. Picha ikigeuka pamoja nawe, simu inafaa. Isipogeuka, azima nyingine.

2. Chagua chumba kimoja. Tafuta kwa Kijerumani chenyewe: Krankenzimmer 360 (chumba cha mgonjwa), Küche 360 (jiko). Chukua video ambayo kamera imetulia, maana inayotembea huleta kichefuchefu. Video hizi hula bando sana: simu hupakua mazingira yote huku wewe ukiona upande mmoja tu. Ukishusha ubora, vitu vidogo havionekani. Afadhali utafute waifai.

3. Andika maneno kumi kabla ya kuvaa miwani, kila moja na der, die au das yake, yaani kineno kinachoonyesha jinsia ya nomino: das Bett (kitanda), die Decke (blanketi), das Kissen (mto), der Stuhl (kiti), das Fenster (dirisha). Sikiliza matamshi kwanza.

4. Sasa ingia. Keti kwenye kiti cha kuzunguka, zima sauti ya video. Geuza kichwa mpaka kitanda kiwe mbele yako kabisa, nyoosha mkono kana kwamba unakigusa, tamka kwa sauti: das Bett. Geukia dirisha: das Fenster. Ukimaliza, rudia maneno kuanzia la mwisho hadi la kwanza. Kisha mwenzako aliye kando akuulize, “Wo ist das Kissen?” (Mto uko wapi?) Ugeukie mto, uunyooshee mkono, ujibu: “Das Kissen ist hier, auf dem Bett” (Mto uko hapa, juu ya kitanda). Tafadhali usinyamaze. Anayetazama tu hutoka amefurahia video, lakini maneno hana.

Dakika kumi zinatosha. Ukihisi kizunguzungu, vua mara moja. Mchana wa joto simu hupata moto upesi, kwa hiyo asubuhi ni bora.

5. Jioni, bila miwani, funga macho ukizunguke chumba kichwani, kisha andika unachokiona. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba usahaulifu huwa mkali zaidi mwanzoni, kwa hiyo rudia kesho yake, baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Yaliyokwama ndiyo ya kurudi nayo kwenye miwani. Usihamie jikoni mpaka utaje vitu vyote kumi vya chumba cha kwanza bila daftari.