Kuchora nyufa za Nankai ukiwa Kampala: anza na koodineti

Mwongozo huu ni wa mtu aliyezoea nyufa za bonde la Ziwa Albert, halafu akapewa data ya mitetemo (mwangwi wa sauti kutoka ardhini) iliyochukuliwa baharini. Nimetoka kumsaidia mwanafunzi mmoja na Nankai, kusini mwa Japani, ambako bamba la Bahari ya Ufilipino huzama chini ya lile linalobeba Japani. Matetemeko makubwa ya 1944 na 1946 yalitokea huko.

Hatua ya 1: Programu na data
Tumia OpendTect. Ni ya bure na inatosha. Programu za wizi zilizojaa virusi waachie wenye muda wa kupoteza. Data iko wazi kwenye Marine Geoscience Data System, hifadhi ya mtandaoni ya data za baharini, katika faili za SEG-Y, muundo wa kawaida wa data ya mitetemo. Chukua mistari ya 2D kwanza (kila mmoja ni picha ya mkato wa ardhi chini ya njia ya meli), maana ya 3D itamaliza bando lako.

Hatua ya 2: Koodineti
Hapa tulia. Kabla ya kupakia chochote, soma maandishi yaliyo mwanzoni mwa faili, kisha tazama kichwa cha kila rekodi, baiti 73 na 77 (wakati mwingine 181 na 185), ambako koodineti huwekwa. Baiti 71 ina kizidishio: ikiwa -100, gawanya kwa 100. Baiti 89 ndiyo watu huiruka. Ikisema 1, vipimo ni vya urefu, kwa kawaida mita. Ikisema 2, ni sekunde za digrii, na digrii moja ina sekunde 3600.

Tuseme umepata 491400 na 118800. Zinafanana kabisa na mita za UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia katika kanda! Mradi wako ukiwa bado kwenye kanda ya 36 Kaskazini, kama ilivyo miradi yetu mingi, programu itazipokea bila kunung'unika na kuuweka mstari kusini mwa Ziwa Kyoga. "Mwalimu, Japani imehamia Kayunga," kijana aliniambia. Gawanya kwa 3600: unapata 136.5 Mashariki na 33 Kaskazini, baharini mbele ya rasi ya Kii.

Usiamini baiti 89 peke yake, kwani mara nyingine imeachwa sifuri. Toa koodineti zote kwenye faili ya maandishi, zigeuze kwa QGIS (programu ya ramani) ziwe UTM kanda ya 53 Kaskazini, fungua mradi mpya wa kanda hiyo, ndipo upakie. Kisha weka pwani ya Japani juu ya ramani. Angalia pia mstari unaanzia wapi, pwani au kilindini, usije ukasoma mwinamo kinyume.

Hatua ya 3: Sakafu ya bahari
Ichore.

Hatua ya 4: Nyufa
Anza na ufa mkuu ulio kati ya mabamba, kisha matawi yanayopanda kutoka kwake. Kwetu Albert, miamba iliyo juu ya ufa huteremka. Hapa hupanda, tabaka kuukuu likalalia changa. Weka alama pale matabaka yanapokatika, na usikubali ufa unaoonekana kwenye mstari mmoja tu.

Jihadhari na mwangwi mkali unaofuata umbo la sakafu ya bahari na kukata matabaka. Huo ni mpaka wa chini wa barafu ya methani. Alama yake ya mawimbi (chanya au hasi) ni kinyume cha ile ya sakafu.

Hatua ya 5: Kina
Wima wa picha ni sekunde za sauti kwenda na kurudi. Majini, kwa mita 1500 kwa sekunde, sekunde 2 ni kina cha mita 1500. Chini ya hapo kasi huongezeka, kwa hiyo usipime mwinamo wa ufa kwenye picha ya sekunde. Kukiwa na toleo lililokwisha kugeuzwa kuwa mita, chukua hilo.