Jinsi ya Kuomba Kuhuishiwa Leseni ya Urubani wa Biashara Nchini Uganda Ukiwa na Umri wa Makamo

Mwongozo huu unamhusu rubani aliyewahi kuwa na leseni ya urubani wa biashara, au ile ya juu zaidi ya urubani wa mashirika ya ndege, akaacha kuruka kwa miaka mingi kwa sababu ya ajira, malezi au ugonjwa, na sasa, akiwa na miaka arobaini au hamsini na ushei, anataka kurudi kazini. Baadhi ya tunaofahamiana waliacha baada ya shirika la ndege la taifa kufungwa mwaka 2001, na swali la kurudi lilianza kusikika tena pale Uganda Airlines ilipoanza upya safari zake Agosti 2019.

Leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, UCAA, yenye makao yake Entebbe. Kanuni zake hufuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, na zinawianishwa na za majirani zetu kupitia CASSOA, wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa usalama wa anga ambao nao umo humo humo Entebbe. Kwa hiyo aliyepata leseni yake Nairobi au Dar es Salaam hataona mambo mageni sana.

Hatua ya kwanza ni afya, na katika hili sina mjadala. Watu wengi huanza kwa kukodi ndege katika uwanja mdogo wa Kajjansi ili wajipime kama mkono bado upo, wakalipia saa kadhaa za mafuta, kisha daktari akawasimamisha kwa presha au kisukari ambacho hawakujua wanacho. Nenda kwanza kwa daktari wa anga aliyeidhinishwa na Mamlaka, uombe uchunguzi wa cheti cha afya cha daraja la kwanza. Katika umri huu vipimo ni vingi kuliko tulivyozoea ujanani: kipimo cha umeme wa moyo hurudiwa angalau kila baada ya miaka miwili kwa mwenye miaka 30 hadi 50, na kila mwaka akishavuka 50, nacho kipimo cha usikivu hurudiwa kila baada ya miaka miwili baada ya kutimiza 40. Kwa macho, kila jicho peke yake linatakiwa kufikia 6/9 (yaani kusoma kwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazuri hukisoma kwa mita 9) na yote mawili pamoja 6/6, na miwani inaruhusiwa mradi uwe na ya akiba unaporuka. Mimi nilikwama kwenye kadi ndogo ya maandishi ya karibu. Niliisogeza mbali hadi mkono ukanyooka wote, kama mzee asomaye gazeti barazani, daktari akanitazama bila kusema neno, kisha akaniandikia miwani. Kama unatumia dawa yoyote ya kila siku, itaje mwenyewe na upeleke barua ya daktari anayekutibu, kwa sababu ugonjwa uliodhibitiwa na ukatajwa una nafasi kubwa kuliko uliofichwa na ukagunduliwa.

Hatua ya pili ni logibuku, yaani kitabu cha saa za kuruka, na hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko popote. Changu kilikuwa ndani ya sanduku la bati, kurasa zimegandana kwa unyevu wa ziwa. Nilijumlisha upya kila ukurasa kwa kikokotoo kwa jioni tatu, nikakuta saa 312.4 zimehamishiwa ukurasa uliofuata zikiwa 321.4, na kosa hilo likasafiri nami hadi ukurasa wa mwisho. Kosa la namna hiyo lisahihishwe kwa mstari mmoja unaoacha maandishi ya zamani yakisomeka, sahihi na tarehe. Usifute wala usibandike karatasi juu yake. Tenganisha saa ulizokuwa kamanda, ulizokuwa rubani msaidizi, za usiku, za kuruka kwa ala (kwa kufuata vipimo vya ndani ya ndege bila kuona nje), na za simuleta, yaani mashine ya kuigiza urukaji. Kama mwajiri wako wa zamani hayupo tena, tafuta mapema nakala za vyeti vya mafunzo na za mitihani ya ukaguzi.

Sasa ndipo uandike barua kwa ofisi ya leseni, kabla ya kujiandikisha chuo chochote. Eleza aina ya leseni, tarehe ilipoisha, vibali vilivyokuwemo (kwa mfano vya aina za ndege), jumla ya saa na tarehe ya safari ya mwisho, kisha uulize ni mafunzo na mitihani gani utakayotakiwa kufanya, na uombe jibu la maandishi. Jibu la mdomo la mtu wa kaunta, hata akiwa mkarimu namna gani, halitakusaidia mtahini akilikataa. Mwenye leseni ya nchi nyingine aiombe pia mamlaka iliyoitoa ithibitishe leseni hiyo moja kwa moja kwa UCAA.

Mafunzo ya kujikumbusha yanaweza kufanyika katika chuo cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971, au katika chuo kingine chochote kilichoidhinishwa. Usidharau darasa. Muundo wa mpango wa safari ulibadilika Novemba 2012, utaratibu wa kuripoti hali ya njia ya kurukia ukabadilika Novemba 2021, na kutua kwa kufuata satelaiti, jambo ambalo wengi wetu tulilisoma kama habari za mbali, sasa ni kazi ya kila siku. Baada ya mafunzo hufuata mtihani wa vitendo mbele ya mtahini aliyeidhinishwa. Kiingereza cha redio nacho hupimwa: kiwango cha chini ni cha 4, ambacho kwa utaratibu wa ICAO hupimwa tena kila baada ya miaka mitatu.

Maombi yenyewe ni mepesi ukishafika hapo: fomu iliyojazwa, nakala ya kitambulisho cha taifa au pasipoti, leseni ya zamani, cheti cha afya, logibuku, ripoti ya mtahini na risiti ya ada. Piga picha kila ukurasa wa logibuku kabla ya kuikabidhi.

Kabla ya kupanga bajeti, hesabu umri wako. Rubani wa biashara anayeruka peke yake na abiria, kama katika safari za ndege ndogo za kupeleka watalii Kidepo au Kihihi, cheti chake cha afya hudumu miezi sita tu badala ya kumi na miwili akishavuka 40, na akifika 60 hawezi tena kuruka peke yake kibiashara. Katika ndege za marubani wawili kikomo ni 65. Mwenye miaka 52 anayetaka kulipia kibali cha aina ya ndege kubwa ana miaka 13 ya kurudisha fedha hizo, na mwajiri naye atapiga hesabu hiyo hiyo.

Leseni ikitoka, isome pale pale kaunta: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, vibali vyote, na tarehe. Kisha kumbuka kwamba kubeba abiria kunakutaka uwe umeruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita, kwa hiyo weka akiba ya fedha za safari hizo fupi za kuruka na kutua.