Jinsi ya kujadiliana na ndugu asiyeamini Mungu

Mdogo wangu haamini Mungu, mimi nasali kila siku, na bado tunaongea hadi usiku wa manane bila kugombana.

Anza kwa kumuuliza ni Mungu yupi anayemkataa. Wangu alinijibu: "Yule anayemponya mmoja na kumwacha mwingine afe." Hapo hoja ya chanzo cha ulimwengu haifui dafu. Anauliza kuhusu mateso, mjibu hilo.

Akitaka hoja, chagua moja uijue barabara. Mimi naipenda ya al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111: kila kilichoanza kuwapo kina kisababishi, ulimwengu ulianza kuwapo, basi una kisababishi. Atauliza, "Na Mungu je, kaumbwa na nani?" Mweleze kwa upole kwamba hoja inahusu vilivyo na mwanzo tu. Ugumu wenyewe uko kwenye dai la pili, kwamba ulimwengu ulianza kuwapo, jiandae hapo. Dau la Pascal, yaani hoja ya mwanafalsafa huyo Mfaransa kwamba ni heri kubahatisha upande wa kuamini, siligusi: linaonyesha faida ya kuamini, halionyeshi kwamba Mungu yupo.

Ukizidiwa, usimrushie "nitakuombea", maana kwake ni kama kufungiwa mlango. Muombee faraghani, kwa jina lake, na kesho mpigie simu umjulie hali.