Siku mbili na Buddha: jinsi ya kupiga picha sanamu za Bangkok na Ayutthaya bila kuaibika

Wengi wetu tukifika Bangkok tumefuata biashara. Tanzanaiti ya Mererani ina soko kule, nguo za jumla zinafungwa marobota kwenye soko la Pratunam, na wako wanaokwenda kwa matibabu. Mzigo ukishapimwa na kulipiwa, mara nyingi hubaki siku mbili kabla ya ndege, nazo huishia kwenye maduka makubwa yenye kiyoyozi. Mimi ni mpiga picha wa harusi, naenda Tanga, narudi Mombasa. Nimeshafuatana na kaka yangu, mnunuzi wa vitambaa, safari nne, na siku zangu za kusubiri nimezimaliza mbele ya sanamu za Buddha. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye siku mbili kama mimi, awe na simu nzuri au kamera ya lenzi moja.

Kila nikionyesha picha hizi huulizwa: "Wewe Mwislamu, masanamu ya nini?" Sikwenda kuabudu. Nilikwenda kutazama kazi ya mikono, kama mgeni anavyokuja Lamu akasimama nusu saa mbele ya mlango wa mtu. Lakini pale ni mahali pa ibada ya wenyewe, wamepiga magoti hatua mbili kutoka ulipo. Ndiyo maana karibu nusu ya haya nitakayosema ni adabu.

Hatua ya 1: Vaa vizuri kwanza

Mabega yafunikwe, magoti yafunikwe, mwanamume na mwanamke. Kanga au leso moja kwenye begi itakuokoa kwenye mahekalu mengi: jifunge kiunoni, ingia. Kwenye Jumba la Kifalme lakini usiitegemee, kwani walinzi wa pale ni wakali. Vaa suruali ndefu au sketi ndefu na shati lenye mikono. Viatu viwe vya kuchomoa. Utavivua na kuvivaa mara kumi kwa siku, na kila ukiinama kufungua kamba, kundi la watalii linakupita na kujaza chumba.

Stendi ya kamera iache hotelini. Flashi iue kabisa, kwenye simu pia, kabla hujapanda ngazi.

Hatua ya 2: Wahi saa 2 asubuhi

Hapa Mswahili yuko nyumbani. Wathai wana namna yao ya zamani ya kuhesabu saa: saa ya kwanza ya asubuhi ni ile Mzungu anayoiita ya saba, na inayofuata huitwa "song mong chao", yaani saa mbili asubuhi, sawasawa na yetu. Usiku nao huanza moja pale pale tunapoanza sisi. Miaka yao ndiyo itakayokuchanganya: huhesabu tangu kufariki kwa Buddha, kwa hiyo ukiona 2568 kwenye tiketi, toa 543, upate 2025.

Wat Pho ("wat" kwao ni hekalu), lenye Buddha mkubwa aliyelala, hufunguliwa saa 2, Jumba la Kifalme lililo jirani saa 2 na nusu. Anza na Wat Pho. Saa nzima ya kwanza jua bado liko chini na mabasi ya watalii hayajamwaga watu.

Hatua ya 3: Kaa chini, soma mikono

Usipige picha yoyote kwa dakika kumi za mwanzo. Nami sikusikia niliposhauriwa hivyo. Mara ya kwanza, kwenye hekalu dogo la mtaani, niliketi sakafuni na kunyoosha miguu ili nipate pembe ya chini. Bibi mmoja aliyekuwa akisali akajisogeza, akanigonga kisigino kwa vidole viwili, kisha akanionyesha miguu yake mwenyewe ilivyokunjwa kando. Nyayo zangu zilikuwa zimemwelekea Buddha. Kwao mguu ndio kiungo cha chini kuliko vyote, na kichwa ndicho kitukufu kuliko vyote. Nikakunja. Bibi akatabasamu, akarudi kwenye sala yake, nami nikakaa vile vile dakika nyingi kwa aibu tu. Ni katika kukaa huko nilipoanza kuona.

Kinachosema ni mikono. Mkono wa kulia ukining'inia juu ya goti, vidole vikigusa chini, hiyo ndiyo saa ya kuelimika kwake: mjaribu Mara amekuja na majeshi yake, naye anaiita ardhi iwe shahidi. Sanamu nyingi za Thailand zimekaa hivyo. Mikono miwili juu ya mapaja, viganja juu, ni tafakuri. Kiganja kilichoinuliwa mbele ya kifua ni kusema usiogope, au acheni. Masikio marefu yaliyochanika ni ukumbusho kwamba huyu alizaliwa mwana wa mfalme, akavaa hereni nzito za dhahabu, kisha akazivua zote na kuondoka. Fundi hakumwekea hereni, aliliacha tundu.

Na yule mzee mnene anayecheka, kitambi wazi, aliyewekwa kwenye kaunta za mikahawa ya Kichina, siye. Yule ni Budai, mtawa wa Kichina wa karne ya 10.

Tafuta pia safu ya sanamu ndogo za siku za wiki. Kila siku ina mkao wake, na Mthai huweka sarafu mbele ya siku aliyozaliwa. Jumanne amelala, Jumatano ameshika bakuli la kupokea chakula, Alhamisi yumo kwenye tafakuri, Ijumaa amefumbata mikono kifuani, Jumamosi ameketi chini ya nyoka wa vichwa vingi anayemkinga na mvua. Mimi ni wa Jumamosi. Muulize mama siku yako kabla ya safari, maana utaulizwa.

Hatua ya 4: Dhahabu kwenye giza

Sasa kazi yenyewe. Buddha aliyelala wa Wat Pho ana urefu wa mita 46 na kimo cha mita 15. Ni matofali na plasta, juu yake dhahabu, na alijengwa zama za mfalme Rama wa Tatu, mwaka 1832. Jengo limembana kama nguo ya kushonewa. Nguzo ziko mbele yake, huwezi kurudi nyuma, na hakuna mahali utakaposimama umwone mzima bila nguzo kumkata. Watu wanahangaika na hilo, nenda nalo. Simama upande wa miguu, piga kwa mshazari kuelekea kichwa, nguzo ziwe zinapungua moja baada ya nyingine. Au chukua uso peke yake kati ya nguzo mbili.

Kosa la kila mtu ni mwanga. Chumba ni cha giza, kamera inaona giza, inasema "ongeza", na dhahabu inageuka doa jeupe lisilo na pua wala midomo. Kwenye simu, gusa shavu la sanamu, bonyeza ushikilie mpaka ifunge, kisha buruta kile kijua kidogo kushuka mpaka uone mikunjo ya mdomo. Picha itaonekana nyeusi mno, iache hivyo: giza utalifungua jioni ukihariri, lakini dhahabu iliyoungua hairudi. Kwenye kamera, mimi huanza na tundu la lenzi f/2.8, shata 1/60 ya sekunde na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600, kisha nashusha mwanga hatua moja nzima chini ya kile kamera inachotaka. Pia usiiachie ichague rangi yenyewe, kwani huona unjano wa dhahabu kuwa kosa na kuuosha mpaka ufanane na udongo. Kwenye mpangilio wa rangi (white balance) weka alama ya jua na uiache hapo siku nzima.

Kwa kuwa stendi huna, viwiko vibane mbavuni, toa pumzi, piga tatu kwa mfululizo. Ya katikati ndiyo huwa imetulia.

Kisha nenda kwenye nyayo. Zimepambwa kwa ganda la chaza, alama 108 zimekatwa na kupachikwa kama kazi ya fundi wa masanduku. Ganda linang'aa ukiwa pembeni na linazimika ukiwa mbele, kwa hiyo sogea kushoto na kulia huku unatazama kiooni, na bonyeza pale linapowaka. Nyuma ya sanamu kuna mabakuli 108 ya shaba yamepangwa ukutani. Unatoa noti, unapewa kibakuli cha sarafu ndogo, unatembea ukidondosha moja moja. Rekodi sauti hiyo kwa nusu dakika. Hakuna picha yangu ya Wat Pho inayonirudisha pale kama ule mlio.

Ukikuta sanamu ndogo inayobandikwa karatasi za dhahabu, usiipite. Mtu hununua kipande chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, hukibonyeza begani au gotini, na kingo zake hubaki zimenyanyuka. Pangaboi likipita, sanamu yote hutetemeka kama ina manyoya. Sogea karibu uwezavyo bila kugusa, lenga kingo.

Hatua ya 5: Simu mfukoni

Ndani ya Jumba la Kifalme yuko Buddha wa Zumaridi, mtakatifu kuliko wote nchini. Hana ukubwa, ni sentimita 66 tu, amechongwa kwa jiwe la kijani ambalo si zumaridi kwa kweli, naye hubadilishwa mavazi ya dhahabu mara tatu kwa mwaka kufuata majira. Mfalme ndiye mwenye kazi hiyo. Ndani ya jengo lake picha ni marufuku. Usijifanye unasoma ujumbe huku umeinua simu, wameshaona ujanja huo. Kunja miguu, tazama.

Kisha nenda Wat Traimit, karibu na mtaa wa Wachina, ambako picha inaruhusiwa. Sanamu ya pale ilikaa miaka mingi ikidhaniwa ni ya plasta. Mwaka 1955 ilipokuwa ikihamishwa ikaanguka, plasta ikapasuka, chini yake ikachungulia dhahabu: takriban tani 5 na nusu. Chumba ni cheupe na kina mwanga, kwa hiyo maelekezo yangu ya giza yasahau hapa.

Hatua ya 6: Usigeuze mgongo kwa mzaha

Selfi ya kucheza, kumbusu sanamu, kupanda mapajani: hapana. Thailand utakemewa, Sri Lanka utafikishwa mahakamani. Mwaka 2012, watalii watatu Wafaransa walipeleka picha zao kusafishwa studio mjini Galle; mojawapo ilionyesha mtu akimbusu Buddha. Studio ikaita polisi, na hakimu akawapa kifungo cha nje. Mwaka 2014 Mwingereza mmoja alirudishwa kwao kwa sababu ya tatuu ya Buddha mkononi.

Anayesali mpige kutoka nyuma na kwa mbali, au umwombe kwa macho akishamaliza. Dada zangu, mtawa msimguse wala msimpe kitu mkono kwa mkono.

Na sanamu usizifunge kwenye robota. Kutoa sanamu ya Buddha Thailand kunahitaji kibali cha Idara ya Sanaa, hata kama umeinunua dukani kwa risiti. Kahirizi kadogo ka kuvaa shingoni hakana shida.

Hatua ya 7: Siku ya pili, treni ya Ayutthaya

Daraja la tatu, madirisha wazi, kilomita kama 80 kaskazini, nauli ya chai na mandazi. Ukishuka vuka mto kwa boti, kodi baiskeli. Huu ulikuwa mji mkuu tangu 1350 mpaka Waburma walipouteketeza mwaka 1767. Utaona safu za sanamu zisizo na vichwa. Baadhi vilivunjwa katika vita, vingi vilikatwa baadaye na wezi wa vitu vya kale.

Kichwa maarufu kiko Wat Mahathat, kimekumbatiwa na mizizi ya mti wa jamii ya mkuyu. Kiko chini, karibu na ardhi, na sheria ni moja: kichwa chako kisiwe juu ya chake. Chuchumaa, ndipo upige. Mlinzi yupo, na filimbi anayo. Bahati nzuri adabu na picha nzuri zimekutana hapa, kwa sababu ukichuchumaa macho yako yanalingana na yake na mizizi inasimama kama mapazia pande zote mbili. Piga upesi, kisha inuka uwapishe walio nyuma yako, maana wamepanga foleni.

Malizia Wat Phanan Choeng, ng'ambo ya mto. Buddha aliyeketi pale ana kimo cha mita 19 na alisimikwa mwaka 1324, mji wenyewe haujaanzishwa. Hapa weka binadamu kwenye fremu, la sivyo ukubwa hauonekani. Ukibahatika kukuta shughuli ya kumvisha, wahudumu husimama juu ya mapaja ya sanamu, na chini watu huwarushia vitambaa vya rangi ya machungwa vilivyoviringishwa. Vinadakwa, vinafunuliwa, vinashuka tena kufunika vichwa vya waliopiga magoti. Peleka shata 1/500, ISO ipande itakavyo, lenga mikono ya anayedaka na si kitambaa.

Safari ya nne nilifanikiwa kumvuta kaka mpaka pale. Mahekalu mengine yote aliyakataa, akisema miguu inamuuma. Alisimama kimya akitazama kitambaa kinavyopaa, nikadhani leo limemwingia. Akaniinamia sikioni: "Hebu waulize, jora lile wananunua wapi?"