Kushika hatamu kwelikweli: namna ya kumnoa kiongozi kwa farasi

"Kushika hatamu" tumelisikia kwenye hotuba tangu utotoni, ila mtafute Unguja hii mtu aliyewahi kuishika hatamu yenyewe, utahangaika. Sisi ni watu wa punda na gari la ng'ombe. Mimi ninao farasi wawili, pwani ya mashariki, na kazi yangu ni kuwanoa wakuu: wasimamizi wa hoteli, walimu wakuu wa skuli, hata sheha mmoja. Hapandi mtu. Kila kitu hufanyika chini, kwa miguu.

Hatua ya 1: Uwanja

Zungushia duara la upana wa mita 15 hadi 18 kwa miti ya mvinje. Anza baada ya sala ya alfajiri, au ngoja alasiri jua lipoe. Mchana wa kaskazi usimtoe mnyama. Weka maji matamu ya kutosha, maana farasi mmoja hunywa lita 30 na zaidi kwa siku, na visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi. Viatu vya kufunika vidole ni lazima. Ndara zibaki mlangoni, hata za mkurugenzi.

Hatua ya 2: Waeleze wanakutana na nani

Farasi kaumbwa kuwindwa. Macho yako ubavuni mwa kichwa, huona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Basi mwendee kwa upande wa bega, ukimsemesha.

Hapo huwasimulia habari ya Hans, farasi wa Berlin aliyeaminika kuwa anajua hesabu: alipiga kwato chini mpaka akafika kwenye jibu. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha kuwa Hans hakuhesabu chochote. Alisoma mijongeo midogo ya kichwa na uso wa muulizaji, ambayo muulizaji mwenyewe hakujua kuwa anaifanya. Wakuu husikiliza kisa hiki wakicheka, kisha kicheko kinakatika. Wameshawakumbuka watu wao wa kazini.

Hatua ya 3: Dakika kumi za kutazama

Simameni nje ya duara, simu zimezimwa. Kisha uliza kila mtu kaona nini. Atakwambia, "Ana hasira." Usikubali. Muulize masikio yamelala au yamesimama, mkia unafanya nini, mguu upi umepumzishwa. Watu wengi hawajui tofauti ya kuona na kudhani, na hii hatua, ingawa haina mbwembwe, ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Hatua ya 4: Kamba

Mvishe farasi hatamu, mpe mshiriki kamba, umwambie atembee naye hadi upande wa pili. Kamba isizungushwe mkononi hata mara moja. Farasi akishtuka, vidole vinakwenda.

Mkuu mmoja wa jiko, mtu wa sauti, alivuta dakika nzima. Farasi ana kilo mia nne na ushei, akakita miguu. Mkuu akavuta tena. Nikanyamaza. Msaidizi wake akacheka, bwana akageuka kumkemea, akaisahau kamba, ikalegea. Farasi akapiga hatua mbili. Mkuu hakuona, aliyeona ni msaidizi.

Kanuni yenyewe ni hii: farasi hajifunzi wakati wa kuvutwa, hujifunza pale unapoachia. Omba kidogo, na akijaribu tu, legeza papo hapo. Ukichelewa, hajui alichopatia.

Hatua ya 5: Mkeka

Kaeni chini, chai ya tangawizi ije. Usimfasirie mtu yaliyomtokea. Niliuliza swali moja tu: "Kazini kwako, kamba hii ni ipi?" Yule mkuu akafikiri, akasema, "Simu za saa tano usiku." Tukaishia hapo, akachagua wiki moja ya kutopiga.

Mtu akianza kulia kwa jambo zito la nyumbani, simama. Sisi si matabibu. EAGALA, jumuiya ya tiba na mafunzo kwa msaada wa farasi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999, huweka mtaalamu wa afya ya akili na mtaalamu wa farasi pamoja kwenye kila kikao, nami kwa kesi hizo humpeleka mtu kwa mwenye kazi yake.

Hatua ya 6: Mvue

Makundi mawili kwa siku yanatosha. Farasi akigeuza kichwa kila akikaribiwa, kachoka, ahirisha hata kama watu wamelipa. Ukishamvua hatamu, mwachie mchanga agaegae, na wewe kaa mbali na kwato.