Somo: Faili unaiona, ukiifungua unaambiwa haipo

Kwenye afisi za uwakala wa mizigo hapa Mombasa nimeitwa mara nyingi kwa kesi hii. Faili iko pale pale kwenye folda, ukiibonyeza kompyuta inasema haipatikani. Mwenye afisi keshalaumu virusi, na mimi nikifika naona njia, yaani anwani nzima ya faili, ndefu kama foleni ya feri ya Likoni.

Windows haihesabu jina la faili peke yake. Inahesabu kuanzia C:, folda baada ya folda, mpaka .docx ya mwisho, na nafasi tupu nazo zimo. Kikomo cha kawaida ni herufi 260, moja Windows inajiwekea yenyewe, zako ni 259. Excel ni bahili zaidi: 218. Ndiyo sababu folda moja yaweza kukufungulia Word na kukunyima Excel.

Hatua ya 1: pima. Shikilia Shift, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Copy as path". Bandika kwenye seli A1 ya Excel, na pembeni andika =LEN(A1), itakuhesabia herufi. Toa 2, ni za alama za kunukuu.

Hatua ya 2: punguza kuanzia folda ya juu. Wengi huhangaika na jina la faili, kumbe unene uko juu. "Nyaraka za Makasha ya Wateja Waliolipa Januari 2024" ni herufi 51. Iite "Makasha-2024-01", zinabaki 15, na kila kilicho ndani kimepona kwa mkupuo mmoja. Angalia pia folda zilizotoka kwenye faili ya zip (faili iliyobanwa): mara nyingi jina lilelile limejirudia, folda ndani ya folda. Siku nyingine fungulia zip kwenye folda ya jina fupi, kama C:\T, kwanza.

Hatua ya 3, ikiwa hata kubadilisha jina inakataa: fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika subst M: kisha njia ya folda ya katikati ndani ya alama za kunukuu. Folda hiyo itatokea kama diski M, njia imekuwa fupi, fanya kazi yako. Ukimaliza, subst M: /d.

MASWALI

Fundi, salaam aleikum. Kwenye flashi inafunguka, nikiileta desktopu inagoma. Flashi ina nini?

Waaleikum salaam dadangu. Haina uganga. Kule njia inaanza na E:\ tu, lakini desktopu ina C:\Users\ na jina lako kabla hujafika popote.

Kaka, mimi nimeweka LongPathsEnabled, ile ya kuruhusu njia ndefu, kuwa 1 kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows). Mbona Excel bado?

Hiyo imekuja na Windows 10 toleo la 1607, mwaka 2016, na husaidia programu zilizoandikwa kuitambua tu. Excel ina kikomo chake. Rudi hatua ya 2.

Nikibadilisha folda, hesabu zangu zilizounganishwa faili kwa faili zitaharibika?

Zinaweza kukatika, mama. Kabla ya kugusa chochote, fungua faili hizo zote pamoja, zihifadhi upya kwenye folda fupi, halafu kwenye Data fungua Edit Links (Excel mpya huiita Workbook Links) uhakikishe kila moja inaelekea kupya. Ile folda ya zamani usiifute wiki hiyo.