Kumtafutia makazi mapya mbwa mzee aliyewahi kuuma watu: hatua kwa hatua, kwa sisi wa Dodoma

Ukitangaza hapa Dodoma kwamba unamtafutia makazi mbwa anayeuma, simu zitaanza kuita kabla chai haijapoa. Karibu wote wanaopiga wanataka mlinzi: mmoja anajenga Iyumbu, mwingine ana ghala la alizeti Kizota, mwingine anaibiwa nondo kwenye kiwanja chake Mtumba. Hao ndio wa kwanza kuwakatalia. Mbwa mzee mara nyingi huuma kwa woga au kwa maumivu. Ukimfunga mnyororo mchana kutwa ukamfungulia usiku, atakayeumwa ni mtoto aliyeruka ukuta kufuata mpira wake.

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia dada mmoja wa Nkuhungu anayelea mbwa waliotelekezwa. Alikuwa na dume mmoja, Tomi, mvi zimemjaa mdomoni. Kila mgeni aliyekuja kuchagua mbwa alikuwa akisikia "huyu aliwahi kuuma" anaaga. Sasa Tomi ana kwake.

Hatua ya 1: Chanjo na daktari wa mifugo

Anza na chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama aliyemleta anaapa kwamba alishachanjwa. Kama kadi haipo, hesabu kwamba hajachanjwa. Afisa mifugo wa kata atakuelekeza, na karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ulizia kama kuna kampeni. Kisha mwombe daktari ampime kama mgonjwa, asichome sindano tu na kuondoka: meno, masikio, macho, nyonga, kucha, kupe. Mbwa mwenye jino bovu atamuuma yeyote anayemgusa shavu, na hakuna mafunzo yatakayomaliza hilo kabla ya dawa.

Hatua ya 2: Historia ya kila mara alipouma

Kazi yenyewe iko hapa. Hatua hii ndiyo iliyotuchelewesha kuliko zote, na ukiiruka, yote yanayofuata ni kubahatisha.

Usikubali jibu la "anauma tu". Karibu kila mara sababu ipo, ila waliokuwepo hawakuiona. Chukua daftari, na kwa kila tukio uliza: nani aliumwa? Alikuwa amesimama, ameinama, au anapita? Mkono wake ulikuwa wapi? Alishika nini: fimbo, ufagio, ndoo? Mbwa alikuwa anakula, amelala, amefungwa, au amebanwa kwenye kona? Aliuma mara moja akaachia, au alirudia?

Uliza zaidi ya mtu mmoja. Mwenye mbwa hupunguza, aliyeumwa huongeza. Mara nyingi ukweli anao kijana wa kazi aliyekuwa akimlisha, lakini hatausema mbele ya mwenye nyumba, kwa hiyo mfuate pembeni.

Sisi tuliambiwa Tomi ameuma watu watatu "bila kosa lolote". Kijana aliyekuwa akimlisha zamani alituonyesha kwa vitendo. Alichuchumaa, akanyoosha mkono wa kulia polepole kuelekea shavu la kushoto la mbwa, kama anayetaka kumpapasa kichwa, akausimamisha kabla haujafika. "Ukija hivi tu, anakamata. Ukija upande huu mwingine, hata mkia unamvuta." Tukarudi kwa walioumwa: wote watatu walimwendea upande huo. Daktari alipofunua sikio la kushoto, alikuta uchafu mweusi unaonuka, na ngozi imevimba mpaka tundu limekaribia kuziba. Sikio lilitibiwa, likapona, ila upande huo hasikii tena. Kumbe sababu zilikuwa mbili, maumivu na kushtuka. Maumivu yaliisha kwa dawa. Kushtuka ataishi nako, na ndiko kulikoandikwa kwenye karatasi ya mwenyeji mpya: mwite ukiwa mbele yake, na akiwa amelala piga mguu chini kwanza ili ausikie mtikisiko.

Ukishapata sababu, pima ukali. Mimi natumia ngazi 6 za Ian Dunbar, daktari wa mifugo Mwingereza aliyefanya kazi zake nyingi Marekani. Ngazi ya 1, mbwa anatisha bila meno kugusa ngozi. Ya 2, meno yanagusa lakini hayatoboi. Ya 3, ameuma mara moja na kuacha tundu moja mpaka manne, na hakuna lililozidi nusu ya urefu wa chonge. Ya 4, tundu limezama zaidi ya nusu ya chonge, mara nyingi na michubuko, kwa sababu aling'ang'ania au alitikisa kichwa. Ya 5, ameuma hivyo mara nyingi. Ya 6, ameua.

Mwongozo huu ni wa ngazi ya 1 mpaka ya 3. Kuanzia ya 4, usimpe familia ya kawaida hata wakikuomba kwa machozi. Kaa na daktari, mzungumze kwa uwazi kama kuna mtu mzoefu anayeweza kumtunza ndani ya uzio imara maisha yake yote, au kama ni bora afe kwa sindano bila maumivu. Najua uzito wa maneno haya. Najua pia uzito wa kumkuta mtoto wodini.

Tahadhari katika kupima. Mpasuko mrefu wa kutisha unaweza kuwa umetokana na mtu kuvuta mkono wake, wakati mbwa aliuma kidogo tu. Angalia kina cha tundu, usiangalie urefu wa jeraha. Kinyume chake, aliyekuwa amevaa koti zito atakwambia "alinikwaruza tu", kumbe koti ndilo lililomwokoa. Ngozi ya bibi kizee hutoboka kirahisi kuliko ya fundi ujenzi. Na kama aliyeumwa alikuwa mtoto, ipandishe hadhari yako hata kama jeraha lilikuwa dogo.

Jambo la mwisho katika daftari: je, ananguruma kabla ya kuuma? Kabla ya kunguruma kuna dalili nyingine. Analamba midomo pasipo chakula, anapiga miayo, anageuza uso, weupe wa jicho unaonekana, mwili unakakamaa. Mbwa aliyechapwa kila aliponguruma hujifunza kunyamaza, akabaki na meno tu. Kama wako bado ananguruma, shukuru, na usiruhusu mtu yeyote amchape kwa hilo.

Hatua ya 3: Mzoeshe kikapu cha mdomo

Ni kifaa anachovalishwa mdomoni ili asiweze kuuma. Kiwe cha waya laini au plastiki, chenye nafasi ya kufungua kinywa. Vile vya kitambaa vinavyobana mdomo sivitaki kabisa. Mbwa hupoa kwa kuhema, na kwa jua la hapa la Oktoba, mbwa mzee aliyefungwa mdomo anaweza kufa njiani. Kwenye kikapu anahema na kunywa maji.

Usimvalishe kwa nguvu. Anza na kopo la plastiki pana, paka siagi ya karanga ndani kwenye kitako, mshikie aingize mdomo mwenyewe na kulamba. Akilikimbilia kopo, hamia kwenye kikapu, bila kufunga mkanda. Kisha funga mkanda kwa muda wa kulamba tu, ufungue. Ongeza polepole. Mvalishe pia siku ambazo hakuna daktari wala safari, akipewa dagaa kupitia matundu, la sivyo atajua kikapu maana yake sindano.

Hatua ya 4: Chuja wanaomtaka

Sema kuhusu kuuma kwenye simu ya kwanza, kabla ya kutuma picha. Picha ya mbwa mzee mwenye macho ya huruma inawafunga watu masikio.

Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, mimi namtaka huyohuyo anayeuma." Nikamjibu, "Mzee wangu, huyu anauma akishtushwa. Mjukuu wako akimwamsha vibaya, ndiye atakayeumwa, wala siyo mwizi." Alinyamaza kidogo, akasema basi nimtafutie mbwa kijana asiye na historia ya kuuma. Tulielewana vizuri tu.

Uliza nyumba ina watu wangapi, watoto wa umri gani, na wanaokuja likizo pia. Nyumba ya wapangaji wengi wanaotumia ua mmoja haifai. Uliza majirani: kwa Mwislamu mate ya mbwa ni najisi, na kama mnaingilia mlango mmoja, utawagombanisha watu bure. Kama ni mpangaji, zungumza na mwenye nyumba mwenyewe. Mimi huwapendelea watu wazima waliotulia nyumbani. Tomi yuko Miyuji kwa mwalimu mstaafu na mkewe, watoto wao walishaondoka.

Mgombea aje kumwona zaidi ya mara moja. Akae kwenye kiti, atazame pembeni, mbwa amfuate mwenyewe. Asiyeweza kukaa bila kumgusa siku ya kwanza hataweza kumwacha alale kwa amani.

Hatua ya 5: Kagua uzio

Ukuta au wavu mzima. Ua wa michongoma haumzuii. Kuwe na sehemu ya pili yenye mlango ndani ya geti, ili muuza mboga au kijana wa maji asikutane na mbwa uso kwa uso. Banda liwe kivulini.

Hatua ya 6: Siku ya kuhama

Alfajiri, kabla jua halijawaka. Avae kikapu, akae na mtu anayemjua. Kirikuu cha wazi sikipendi, afadhali gari lenye viti. Beba tandiko lake, usilifue.

Hatua ya 7: Wiki za mwanzo

Pasiwe na wageni, kuogeshwa, wala kukumbatiwa. Ale peke yake, na akishapewa chakula mtu asirudi kuchukua sufuria mpaka aondoke mwenyewe. Kamba ndefu uani ni bora kuliko mnyororo mfupi. Mbwa asiyeweza kukimbia hana njia nyingine isipokuwa meno.

Mambo mawili ya hapa kwetu. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuharibu figo za mbwa, kwa hiyo kama mwenyeji ana shamba kule Hombolo, Bihawana au Mpunguzi, asimzoeshe kwenda naye msimu wa mavuno. Na mvua za kwanza za Desemba zikipiga bati, mbwa mzee anaweza kutetemeka na kujificha chini ya kitanda. Asivutwe. Mkono unaoingia chini ya kitanda kumtoa ndio unaoumwa.

Hatua ya 8: Karatasi

Andika makubaliano, nakala mbili: historia yote ya kuuma, kadi ya chanjo, namba ya daktari, na ahadi kwamba wakishindwa atarudi kwako, hatagawiwa wala kutupwa porini. Kumtesa au kumtelekeza kunagusa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na ni vizuri wakaliona hilo kwenye karatasi.

Andika pia la kufanya akiuma tena. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana chanjo. Mbwa afungiwe na kuangaliwa siku 10, asiuawe: akimaliza siku hizo akiwa mzima, hakuwa akiambukiza kichaa cha mbwa siku aliyouma. Afisa mifugo wa kata ajulishwe. Nawe upigiwe simu siku hiyohiyo, ufungue daftari lilelile na uanze kuuliza upya: mkono ulikuwa wapi?